Kitabu Kisichofutwa

Kila alasiri, akitoka shule, Chiriku alikuwa na kazi tatu: kuteka maji, kuwasha jiko, na kumkanda mama yake mikono. Mama alikuwa mfuaji wa hospitali. Tangu alfajiri alikamua mashuka mazito, na akirudi nyumbani vidole vyake vilikuwa vimekakamaa hata kufungua mlango ilikuwa shida. Alikaa mkekani, akafumba macho, akanyoosha mikono. Chiriku alimkanda kwa maji ya moto huku akisimulia habari za shule bila kupumua. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Chiriku; jina lake la kwenye cheti walilijua walimu tu.

Jumatatu moja, maji yakiwa bado ya moto, mtu alibisha hodi.

"Karibu," mama aliitikia. Alipoona ni nani, akaondoa mikono majini.

Alikuwa Fundi, mshona viatu aliyekaa chumba cha tatu kutoka chao. Alikuwa hajabisha hodi hapo kwa zaidi ya mwaka.

"Shikamoo," Chiriku alisema, akiangalia beseni.

"Marahaba, mwanangu." Fundi akaegemea mlango. Hakuja kugombana. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka hata kugombana. "Mama Chiriku, sikai. Nimekuja kuulizia kile kikaratasi ulichopewa kituo cha polisi mwaka jana, simu yako ilipoibwa. Kile chenye namba."

"Cha nini tena, Fundi?"

"Macho yangu hayaoni tundu la sindano siku hizi. Nimepata kazi ya kulinda geti kwenye bohari la saruji, lakini wanataka barua ya polisi kwamba sina doa. Kituoni nimekwenda mara tatu. Wananiambia kuna taarifa ya wizi na mimi nimetajwa. Nikiomba nisomewe, wanasema lete namba na tarehe, vitabu ni vingi. Bohari wamenipa mpaka Ijumaa. Baada ya hapo wanamchukua mwingine."

Mama alipangusa mikono. Kisha akainuka, akafungua sanduku la nguo, akatoa bahasha ya vyeti. Kikaratasi kilikuwamo, kimekunjwa mara nne.

"Jumatano ni zamu yangu ya kupumzika," alisema. "Aliyetoa taarifa ni mimi, basi twende wote. Na Chiriku nitamwombea ruhusa shuleni aje, mwandiko wake unasomeka."

Fundi alishukuru, akaondoka. Chiriku aliendelea kukanda, lakini siku hiyo hakusimulia chochote.

Alijua jambo ambalo mama hakulijua. Simu ile haikuibwa. Aliichukua mwenyewe kwa siri, akaipeleka shule ili awaringie wenzake, na alipoinama chooni ikamponyoka ikatumbukia shimoni. Jioni mama alipoitafuta, Chiriku alisema aliona mkono ukiingia dirishani. "Mkono wa nani?" mama aliuliza. Jibu lilitoka kabla hajalifikiria: "Kama wa Fundi." Kwa nini Fundi? Kwa sababu ndiye aliyepita dirishani kila siku na boksi lake la kazi. Basi.

Polisi walimshikilia Fundi tangu asubuhi hadi alasiri. Hawakupata simu, wakamwachia. Chiriku akadhani limekwisha. Lakini tangu siku ile mama alipeleka viatu kwa fundi wa upande wa pili wa soko, mwendo wa nusu saa. Na majirani walianua nguo zao Fundi akipita, hata zikiwa mbichi.

Jumanne shuleni, jirani yake wa dawati, msichana mwembamba waliyemwita Msumari, alimtazama kwa kando.

"Leo Chiriku amegeuka bubu? Au umemeza chaki?"

Chiriku akamweleza kwa kunong'ona. Msumari ndiye peke yake aliyeona simu ikizama.

"Wewe nyamaza tu," Msumari alisema. "Mwaka mzima umepita. Yaliyopita si ndwele."

"Kwangu yamepita. Kwa Fundi hayajapita."

"Ukisema, mama yako atakuchuna ngozi."

"Najua."

"Haya. Mimi sijasikia kitu." Msumari akafungua kitabu, lakini ukurasa ulikuwa juu chini na hakuugeuza.

Jumatano walifika kituoni saa mbili asubuhi, wakakuta benchi limejaa. Walisimama ukutani. Saa tatu walipata nafasi ya mtu mmoja. Fundi akampisha mama. Kaunta ilikuwa na askari mmoja na watu ishirini, na kila mtu aliamini shida yake ndiyo ya kwanza.

Mbele yao alikuwa mama mnene mwenye mwavuli. "Afande, nataka nijue tu kama huyu kijana anayemposa binti yangu aliwahi kukamatwa."

"Mama, jalada la mtu si gazeti la kila mpita njia," askari alijibu bila kuinua kichwa. "Mwambie mkwe wako aje mwenyewe aombe la kwake."

"Akikataa?"

"Basi umeshapata jibu bila kunisumbua."

Benchi zima likacheka, na mama wa mwavuli naye akacheka, akajipepea.

Zamu yao ilipofika, askari alitazama kikaratasi. "Namba ipo, tarehe ipo. Vizuri, wengi huja mikono mitupu. Sasa andikeni barua kwa mkuu wa kituo. Semeni ninyi ni nani, mnataka nakala ya taarifa gani, na ya kazi gani. Mlalamikaji asaini na aliyetajwa asaini. Kisha mpeleke masjala, chumba cha mwisho, kule yanakotunzwa majalada. Mje na vitambulisho."

Waliketi kwenye ngazi za nje. Chiriku aliweka karatasi juu ya magoti, mama akamtajia maneno polepole.

"Andika: Tunaomba nakala ya taarifa ya wizi wa simu..."

Chiriku aliandika "taarifa ya", kalamu ikasimama.

"Wino umekwisha?" mama aliuliza.

"Haujaisha."

"Basi andika, mwanangu, jua linapanda."

Aliandika. Herufi za neno "wizi" zilitoka zimepinda kama za mtoto wa darasa la kwanza. Fundi alisaini chini, karatasi ikiwa karibu kugusa pua yake ndipo auone mstari.

Masjala kulikuwa na harufu ya karatasi kuukuu. Vitabu vikubwa vyenye majalada meusi vilipangwa hadi darini. Askari wa kike, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi, alipokea barua, akavuta ngazi, akapanda, akashusha kitabu, akagundua si chenyewe, akapanda tena. Ilikuwa karibu saa sita alipopata ukurasa. Akaanza kusoma kwa sauti moja tu, kama mtu anayesoma orodha ya vyombo.

"Mlalamikaji anasema simu yake imeibwa kupitia dirishani. Mtoto wa mlalamikaji, miaka kumi na mmoja, anasema aliona mkono na anaamini ni wa fundi viatu, jirani yao. Alipoulizwa kama ana uhakika, alisema ana uhakika."

Fundi aliinamisha kichwa.  Alianza tu kukigeuzageuza kitambulisho chake.

"Si kweli," Chiriku alisema.

Watu wazima watatu wakamgeukia.

"Hakuna aliyeiba. Niliipeleka shule. Ikaanguka chooni. Mjomba Fundi hakuja dirishani, hakuna mkono. Niliogopa." Kisha maneno yakamwishia, yeye ambaye hayajawahi kumwishia.

Mama alishika ukingo wa meza. Akamtazama mwanawe, halafu akaketi kwenye kiti ambacho hakuna aliyemkaribisha. "Ee Mola wangu," alisema taratibu. "Mwaka mzima napita mlango wa mtu huyu simsalimii."

"Afande," Fundi alisema, na sauti yake ilikwaruza, "basi futa."

Askari alivua miwani. "Hiki hakifutwi, mzee wangu. Hata mkuu wa kituo hana ruhusa ya kufuta mstari. Tungekuwa tunafuta, kila mwenye nguvu angekuja na kifutio chake. Kinachofanyika ni kuongeza. Mtoto ataandikisha maelezo mapya, mama yake akiwa hapa, kwa kuwa ni mdogo. Nitayapa namba. Kisha pembeni mwa taarifa hii ya zamani nitaandika: soma na namba hiyo. Anayefungua hapa atapelekwa pale." Akamgeukia Chiriku. "Na safari hii nitakuuliza tena kama una uhakika."

"Nina uhakika," Chiriku alisema.

"Subiri nikuulize kwanza."

Maelezo yalichukua muda. Kila alichosema askari alikiandika, akamsomea, akamuuliza kama ndivyo. Ilibidi aeleze hata choo kilikuwa cha upande gani. Mwisho alisaini, mama akasaini. Mkuu wa kituo hakuwepo. Waliambiwa warudi Ijumaa asubuhi. Mama hakumchapa, hakumgombeza. Walirudi nyumbani, kila mmoja na mzigo wake.

Usiku Chiriku hakulala. Mama naye alisikika akiomba kwa sauti ya chini, na ndani ya maombi hayo Chiriku alisikia jina la Fundi mara nyingi kuliko lake.

Ijumaa mama alibadilishana zamu na mwenzake, maana yake Jumapili angefua siku nzima. Walingoja tena benchini. Saa nne na nusu askari wa masjala alitoka na karatasi mbili zenye muhuri: nakala ya taarifa zote mbili, na barua ya mkuu iliyosema Fundi hana kosa lolote katika kumbukumbu za kituo. Fundi aliisoma akiwa ameishika karibu na uso, akaisoma tena, kisha akaondoka kwenda bohari kwa mwendo ambao Chiriku hakujua kama anao.

Alirudi alasiri. Walimkuta amekaa kwenye kizingiti chake.

"Naanza Jumatatu," alisema.

Chiriku akapiga magoti. "Mjomba, naomba unisamehe."

"Nilikasirika sana, mwanangu, sikufichi. Kule masjala nilitaka kukuzaba kibao." Akapumua. "Lakini ulisema mwenyewe, hakuna aliyekushika mkono. Nimesamehe. Inuka, utachafua gauni."

"Nami pia, Fundi," mama alisema. "Nilikuhukumu kwa mdomo wa mtoto, sikukuuliza hata siku moja. Nisamehe."

Fundi aliitikia kwa kichwa, akapangusa macho, akasema ni vumbi.

Chiriku alidhani sasa wataingia ndani wapumzike. Lakini mama alibaki amesimama uwanjani, akitazama ile safu ya milango.

"Sikiliza, binti yangu," alisema. "Uongo ukishatoka haurudi. Huwezi kuufuta, kama Afande asivyoweza kufuta kitabu. Unachoweza ni kuufuata kwa ukweli, kila mahali ulikopita. Polisi wana kitabu kimoja, na kile tumekimaliza. Mtaa hauna kitabu, una midomo, na kila mdomo una taarifa yake juu ya mtu huyu. Ninajua umechoka. Mimi nimechoka zaidi. Lakini Fundi amechoka mwaka mzima, na Mungu ameona."

Akamshika mkono kwa vidole vyake vilivyokakamaa. Walikwenda hadi mlango wa kwanza, ambako jirani alikuwa akianika nguo.

"Hodi," alisema Chiriku. "Nimekuja kusema jambo kuhusu Mjomba Fundi."