Termosi ya Arnaud

Wamama wenzangu wa Cibitoke, na nyinyi wababa mnaosikiliza pembeni, jambo hili lilitokea ndani ya nyumba yangu mimi.

Ilikuwa siku ya Mungu, Jumapili, mwaka wa 2001. Upande wa milimani risasi zilikuwa zimenyamaza tangu juzi. Mi nilikuwa uani nachambua maharagwe, mwanangu Arnaud amevua viatu, anasoma gazeti. Arnaud ni rubani. Wakati ule wa vita watu walikuwa wanaviziwa barabarani, kwa hiyo ndege yake ndogo ndiyo ilipeleka dawa Kirundo na kurudisha wagonjwa.

Kitu kimoja kilinishangaza: termosi yake. Alitembea nayo kila mahali, wala hakummiminia mtu hata siku moja. Nikawa najiuliza, chai gani hii isiyogawanywa? Na mbona haitoi mvuke?

Mara Gélase akabisha hodi. Huyo ndiye mkubwa wa marubani kazini kwao. Arnaud akakimbilia ndani kuvaa shati. Mi, kwa haraka ya kupokea mgeni, nikachukua ile termosi, nikamimina kikombe. Kwetu mnajua, anayempa mgeni kinywaji anaonja kwanza, mgeni aone hakuna ubaya ndani. Nikaonja.

Kanyanga! Pombe kali ikanichoma mpaka masikioni.

Gélase ananiangalia. Nikameza, nikajichekesha. "Chai imeharibika, Patron. Ngoja nikuletee maji." Nikaimwaga yote kwenye majani.

Alipoondoka nikamshika Arnaud. "Tangu lini?"

"Tangu siku ile walipiga ndege yangu risasi, mama. Mikono inatetemeka. Nikinywa kidogo, inatulia."

"Mwambie Gélase akutafutie muganga wa hospitali."

"Apana! Nikisema tu, licence yangu ya kurusha ndege wanachukua. Mi kazi ingine sijui."

Basi nikamsaidia kuficha. Asubuhi akiamka vibaya, nilimtuma mke wake Nella apige simu kazini: "Ana malaria." Malaria mara tano kwa miezi miwili! Hata mbu wenyewe wangekataa.

Mpaka asubuhi moja Epiphanie, muuguzi jirani yetu, akapita langoni na mzigo kichwani.

"Mama Arnaud, leo mutoto wako ananibeba! Napeleka chanjo Kirundo. Umwambie asinirushe-rushe, mi naogopa!" Akaenda zake akicheka.

Nikageuka. Arnaud alikuwa nyuma yangu, amevaa sare, vidole vinagonga-gonga kifuniko cha termosi.

"Umemsikia?" nikamuuliza.

"Nimemsikia."

"Leo mi sisemi malaria. Na huyu mama wa watu, unambeba na mikono hiyo?"

Akakaa kwenye jiwe la kufulia. Mwisho akainuka na termosi yake, akasema, "Twende wote, mama."

Ofisini kwa Gélase, Arnaud alimimina kikombe, akaonja, akakisukuma mbele ya mkubwa wake. Kisha akaweka licence pale pale mezani. "Nisaidie, Patron. Leo siwezi kurusha ndege."

Gélase akanusa, akanigeukia. "Ndiyo ile chai iliyoharibika, mama?"

Niliona aibu, lakini nikakubali: "Ndiyo ile."

"Rubani mwenye anakuja kusema mwenyewe," akasema, "tunamshusha kwenye ndege kwa muda, anatibiwa, muganga akikubali anarudi. Mwenye tunamkamata ndani ya ndege, huyo kazi imekwisha. Sasa mulikuwa munangoja nini?"

Tuliogopa sheria ambayo hatukuwahi hata kuiulizia.

Epiphanie alibebwa na rubani mwingine. Arnaud alitibiwa, halafu akapewa kazi ya kupakia magunia kwenye uwanja wa ndege. Vijana wa pale walimwita "Rubani wa Magunia", naye akavumilia. Baada ya miezi kumi na nne wakamrudishia licence. Epiphanie alipanda ndege safari ya kwanza ya Arnaud tangu arudi kazini, akarudi analalamika: "Nilikuambia asinirushe-rushe!"

Leo termosi iko mezani kwangu. Kila anayekuja anamiminiwa chai ya kweli, na mi bado naonja kwanza.

Funzo

Mama, ukimfichia mutoto ulevi haumlindi. Mi nilidhani nalinda kazi yake, kumbe nilikuwa naiua, na Epiphanie karibu nimuue pamoja nayo. Uliza mapema, musaada uko wapi. Na we mwenye unakunywa kwa siri, nenda useme kwa mudomo wako, kabla hawajakukamata.