Wimbo Uliofika Msibani

Steshenari iliyo mkabala na geti la chuo, pale Singida mjini, inaenea watu sita. Siku ya mwisho ya kukusanya kazi za muhula utakuta humo watu ishirini, kila mmoja anaapa kwamba yeye ndiye aliyetangulia. Winfrida aliingia siku hiyo saa tisa na nusu alasiri, jasho linamtoka, amevaa sketi ya bluu iliyonyooshwa vizuri na blauzi nyeupe, nywele kazisuka mistari ya kurudi nyuma. Mkononi ana flashi, na ndani ya flashi kuna kazi ya kurasa kumi na mbili ambayo mwalimu alisema ataipokea hadi saa kumi kamili. Baada ya hapo anafunga mlango na hataki kusikia habari ya mtu.

Kijana aliyekaa kwenye kompyuta aliichomeka, akatazama, akatikisa kichwa.

"Dada, flashi yako inaumwa. Imejaa virusi."

"Basi itibu, kaka. Nina nusu saa tu."

"Kutibu natibu. Ila hapa hatumpokei mgonjwa mpaka ndugu yake aache namba ya simu."

Watu wakaguna. Mmoja akasema hao wawili wakatongozane nje, wenzao wana haraka. Winfrida alitaka kununa, akashindwa, akacheka, akaandika namba nyuma ya karatasi iliyoharibika. Kazi yake ilitoka saa kumi kasoro dakika nne, akakimbia nayo karatasi zikiwa bado zina joto la mashine.

Hivyo ndivyo walivyokutana, na wala sitapamba zaidi ya hapo. Kijana aliitwa Alphonce. Mrefu, mwembamba, shati la mikono mirefu limefungwa vifungo hadi shingoni utadhani anakwenda kusimamia mtihani. Na kweli alikuwa mwalimu. Alimaliza chuo kikuu miaka mitatu nyuma, akaomba ajira kila tangazo lilipotoka, na kila majina yalipobandikwa lake halikuwemo. Sasa anawatolea kopi za vyeti wenzake wanaokwenda kuomba nafasi zile zile. Jamani, dunia hii ina vichekesho vyake, ila havichekeshi.

Winfrida alikuwa mwaka wa pili wa stashahada ya ualimu, na kumpenda Alphonce kulimfanya awaze mambo ambayo wanafunzi wengi huyaahirisha. Darasani mwalimu anasoma ukutani maandishi ambayo kila mtu anayo kwenye simu. Kazi ya kundi inafanywa na mmoja, saba wanaandika majina. Mtihani ukiisha, kila kitu kinamwagwa kichwani kama maji ya kuoshea vyombo. Na ukihitimu je? Ukihitimu, kamuulize Alphonce.

"Kwa hiyo mimi nasoma ili nije nikae kwenye kiti chako?" alimuuliza siku moja.

"Kiti hakitoshi wawili, mamii. Labda nikupakate."

Alimpiga bega, wakacheka. Lakini swali halikwenda popote, na wote wawili walijua.

Mapenzi yao yalikuwa ya simu zaidi kuliko ya miguu, kama yalivyo ya vijana wa siku hizi. Asubuhi ujumbe, mchana picha ya sahani ya wali, jioni wanapigiana wanaulizana umekula nini, na wewe je, na umenimisi kiasi gani. Mimi naona ni kupoteza bando, ila ukiwaambia watakuita mshamba. Jumapili moja Alphonce alimpeleka nyumbani kwao Utemini kumsalimia mama yake, Bi Magdalena, mjane aliyefuga kuku wa kienyeji. Winfrida alivaa gauni la kitenge la mikono, akapiga goti, akasalimia, kisha akaenda moja kwa moja uani kuosha vyombo bila kuambiwa. Mama yule alimpenda siku hiyo hiyo. Akawa anamwita mkwe wangu mbele ya majirani, na mwanawe akimwambia asubiri kwanza posa, anasema posa ni karatasi tu.

Mpango ulikuwa umekamilika. Mwezi wa nane mshenga angekwenda Kinyangiri, kijijini kwao Winfrida, na barua ya posa. Kabla ya hapo Alphonce alitaka kumfanyia mama yake sherehe ya kuzaliwa, ya kwanza maishani mwake. Bi Magdalena hakujua siku aliyozaliwa. Kitambulisho kilimpa tarehe mosi Julai, naye akaipokea kama mtu anavyopokea zawadi asiyojua ataiweka wapi. Miaka sitini, keki, maputo, picha za kurusha mtandaoni. Winfrida alisikitika kwamba wakati huo atakuwa likizo kijijini, akaahidi kwamba hata akiwa mbali, mama atamsikia.

Likizo ilipofika akaenda Kinyangiri. Chuoni unaiota likizo mwezi mzima. Ukifika nyumbani unakuwa mgeni siku mbili, unachinjiwa jogoo, unaulizwa habari za mjini. Siku ya tatu unapewa panga, maana alizeti imekauka na haimsubiri msomi. Winfrida hakulalamika. Alichokosa ni mtandao. Kwao simu ilishika sehemu moja tu, juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba ya jirani. Unapanda kwa mikono na magoti, unasimama upande wa mashariki, unainua simu na kuomba.

Siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, alipanda na wadogo zake wanne. Mchana huo familia nzima ilikuwa inahamia shamba la mbali, mwendo wa saa tatu, kupiga kambi hadi mavuno yaishe, na alitaka kumuaga mpenzi wake. Mtandao ulishika kwa kusuasua. Kikaingia kijumbe kwamba Alphonce alimpigia mara sita tangu alfajiri. Akapiga, laini inatumika. Akapiga tena, inatumika. Ndipo akaona Alphonce ameweka picha ya mama yake kwenye stetasi: Bi Magdalena katika kitenge cha njano, anacheka, mkono umeshika kilemba. Picha tupu, hakuna neno hata moja.

Winfrida akapiga kelele ya furaha. Ni leo. Kumbe ndiyo maana amenitafuta tangu alfajiri, na ndiyo maana simu haishikiki, watu wanampongeza. Shambani siku zote hufanana, na hakukumbuka kuhesabu. Tarehe ilikuwa imeandikwa pale pale juu ya kioo cha simu, ishirini na tisa Juni, hakuiangalia. Aliwapanga wadogo zake, wakapiga makofi, wakaimba wimbo wa kuzaliwa sauti juu mpaka mwisho, na mwishoni akaweka maneno yake na kigelegele kirefu. Akautuma kwa sauti. Alipoona umekwenda, akashuka kwenye jiwe akiwa amefurahi. Saa sita walikuwa njiani kuelekea shambani, simu imezimwa kutunza chaji.

Bi Magdalena alikuwa amekufa saa kumi na moja alfajiri. Presha ilimpanda ghafla, wakamkimbiza hospitali, daktari hakuwa na la kufanya zaidi ya kuwapa pole. Mtu wa kwanza Alphonce kumpigia alikuwa Winfrida, mara sita, hapatikani. Kisha akataka kuwatangazia watu, akaweka picha, akaanza kuandika, vidole vikakataa. Akairusha hivyo hivyo.

Saa nne na nusu asubuhi shangazi yake, Raheli, dada mkubwa wa marehemu baba yake, alimwita chumbani. Wanawake walikuwa wanachagua gauni la kumzika nalo mama, wanataka mtoto aseme lipi alilipenda. Simu ikalia kwamba ujumbe umeingia. Shangazi akauliza ni wa nani, naye akajibu ni wa Winfrida.

"Si ndiye huyo mkwe aliyekuwa akisifiwa na marehemu kila siku?" shangazi akasema. "Weka sauti kubwa, mwanangu. Tumsikie naye anavyolia."

Akaweka. Kikaanza kicheko, yakafuata makofi, halafu watoto, halafu wimbo wenyewe. Wanawake wakatazamana, gauni likiwa mikononi mwao. Alphonce akaharakisha kuzima, simu ikaponyoka na kuteleza chini ya kitanda, na huko chini ikaendelea kuimba. Hakuna aliyeweza kuifikia. Waliusikia wimbo wote hadi mwisho, kisha sauti ya Winfrida ikasema hongera mama mkwe, leo ni siku yako, inuka ucheze, usilale. Na kigelegele.

Walimzika Jumanne saa nane mchana. Mkwe hakuwepo.

Winfrida alirudi kutoka shambani Alhamisi na kupanda jiwe kabla hata hajanawa uso. Ujumbe wa kwanza kuingia ulitoka kwa Dorkas, mwenzake wa chumba kimoja chuoni: "Wini uko wapi jamani? Mama yake Alphonce tumemzika juzi. Watu wanakusema vibaya sana. Ulituma nini?" Aliusoma mara tatu. Akaikumbuka ile picha, akaelewa kwa nini haikuwa na neno. Alimpigia Alphonce, simu ikaita hadi ikakata. Akakaa pale juu analia kwa sauti, na watu waliokuwa wanapita chini wakajua kuna msiba ila hawakujua wa nani.

Alimweleza mama yake kila kitu. Mama aliweka mikono kichwani, kisha akaingia ndani na kutoka na kanga mbili.

"Nenda kesho na basi la kwanza," alisema. "Hata kama watakufukuza, wakufukuze ukiwa umefika."

Ijumaa ilikuwa siku ya kuanua matanga. Winfrida aliingia uwanja wa ile nyumba ya Utemini amejitanda kanga, macho yamevimba, na mazungumzo yakakatika chini ya turubai. Akapiga goti mbele ya Raheli, akasema shikamoo shangazi. Haikujibiwa. Mwanamke mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba mwimbaji amefika. Alphonce alikuwa na wazee upande wa wanaume. Alimwona, akainamisha kichwa.

Akazunguka uani, ambako sufuria za siku tano zilikuwa zimerundikwa, nyeusi kwa masizi, ugali umegandia. Akajifunga kanga kiunoni, akachota mchanga na majivu, akaanza kusugua. Alisugua tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Hakuna aliyempa chakula, wala hakuna aliyemsaidia kuchota maji. Aliwaza chuo, akaona hana hata somo moja lililomfundisha afanye nini hapa. Machozi yalimtoka akayaacha yadondokee majini, maana mikono ilikuwa na masizi.

Kwenye sufuria ya tisa kivuli kilisimama mbele yake. Ni Raheli. Aliziangalia zilizokwisha, zimeinamishwa mstari mmoja zinang'aa.

"Marahaba," alisema. Kisha akaketi juu ya kigoda na kuvuta pumzi. "Alphonce ametuambia kwamba ulikosea, ulidhani ni ile sherehe ya marehemu. Tumegombana naye siku tatu kwa ajili yako. Mimi sikutaka hata kusikia jina lako. Lakini mtu mwenye dharau hawezi kukaa kwenye masizi kwa saa tano nzima. Nimewaambia wenzangu wakuache. Nenda ukale."

Winfrida aliangua kilio, akamshika miguu. Jamani, ndani ya kifua chake dunia ilirudi ikakaa. Ukoo ukishakubali, nani tena atakataa? Alikula ugali, na wanawake wale wale wa asubuhi walimsogezea mboga na kumwambia pole. Aliona mbele yake mshenga, barua, maisha.

Alphonce alikuja uani watu walipoanza kuondoka. Shati jeusi, ndevu za siku tano. Akamwomba waende nyuma ya banda la kuku.

"Alphonce, nisamehe," Winfrida akaanza. "Nilidhani ni ile siku. Niliona picha, ukawa hupatikani, nikadhani..."

"Nilijua," akasema. "Tangu makofi yale yanaanza, nilijua umekosea. Mimi ndiye niliyeweka picha bila neno. Nilikusamehe palepale, Wini. Hata kukusamehe si neno, hukunikosea."

"Sasa mbona hukupokea simu?"

Kuku mmoja wa mama yake alipita katikati yao.

"Hapo ulipoanza kuongea," akasema, "sijasikia hata neno moja. Nimesikia ule wimbo. Nimewaona wameshika gauni. Simu ilipokuwa inaita niliona jina lako, nikaogopa."

"Itaisha, mpenzi. Muda utapita."

Winfrida alimwona anavyojikaza ili asizibe masikio.

"Labda. Nimejiambia hivyo kila siku. Lakini wewe ni mtu wa kucheka, Wini. Ndivyo ulivyo, na sitaki ubadilike. Siwezi kuoa mtu, halafu niwe namwogopa akicheka ndani ya nyumba yangu." Machozi yalikuwa yanamshuka bila kuyafuta. "Shangazi amekukubali, wote wamekukubali. Ni mimi tu nimeshindwa. Naomba uende. Usiniambie kitu, tafadhali."

Winfrida alikuwa na mengi. Alikuwa na mwaka mzima wa maneno, na haki ilikuwa upande wake. Alifungua mdomo amjibu, akamwona Alphonce anafumba macho kama mtu anayesubiri sindano.

Akaufunga. Akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa, ingawa hakuelewa. Akarudi uani, akachukua mkoba wake, akawashika mikono wanawake mmoja mmoja, na Raheli alipomuuliza mbona anaondoka mapema hivyo, hakumjibu. Alitoka getini na kuifuata njia kimya kimya, kanga imeminywa mdomoni, mpaka alipohakikisha amefika mahali ambapo Alphonce hawezi kumsikia.