Mkunga Aliyechaguliwa na Zahanati Nzima

Mkunga alikuwa na mimba ya miezi saba. Miguu imemvimba, presha iko juu, na bado anazalisha wenzake. Zahanati ilikuwa ya mumewe, daktari. Mkunga mwingine hakuna.

"Mke wangu, nenda hospitali ukalazwe," daktari alimwambia.

"Niende, halafu akina mama wazalishwe na nani? Mpokezi?"

Daktari alijua presha ile huua mama na mtoto.

Si kwamba hakuajiri, la! Aliajiri wakunga wawili. Kila mmoja alimwita ofisini, akafunga mlango, akamsifia kazi. "Hapa kwetu raha mustarehe!" Wote walipoonja ugumu wa kazi, waliondoka bila kuaga.

Siku hiyo alimngoja mwombaji mwingine. Shangazi wa daktari, muuguzi mstaafu, alikuwa amekuja kumjulia hali mkwe wake.

"Baba, huyo mkunga atafanya kazi na nani? Na meza yako?"

"Na wenzake, shangazi."

"Basi wenzake wamwone leo. Wamuulize, naye awaulize. Na ugumu wa kazi msimfiche. Mtu akiujua mapema, haumkimbizi."

Mwombaji alifika, dada mwembamba wa maneno machache. Wakakaa wote kwenye mabenchi ya wagonjwa.

"Usiku kunakuwaje?" aliuliza.

Daktari akakohoa. Msafishaji akajibu, "Bomba halitoi maji, dada. Tunachota kwenye pipa."

"Na umeme hukatika," mpokezi akaongeza. "Lakini ukiniita, nakuja na tochi."

Daktari jasho likamtoka. Kwisha habari, huyu naye keshakwenda!

"Na mkono wako hautetemeki?" mwombaji alimuuliza mpokezi. Wakacheka wote.

Kabla hawajamaliza kucheka, mama mmoja aliingia akiugulia kwa uchungu. Mke wa daktari aliinuka, akayumba.

"Kaa, dada," mwombaji alimwambia. "Nielekeze tu vitu vilipo."

Mtoto alizaliwa kimya. Mwombaji akamkausha, akamsugua mgongo. Kimya. "Mwanga!" Mpokezi alishamulika kwa tochi. "Nguo kavu!" Msafishaji alishaishika. Akachukua kifaa cha kumpulizia hewa, akaanza kuminya polepole. Daktari aliingia mbio, akakuta hapana pengo la kujaza. Watu hawa walikuwa wamejuana asubuhi hiyohiyo! Mara mtoto akapiga ukelele. Jamani! Daktari alikuwa ameona watoto wengi wakizaliwa, lakini leo aliduwaa, machozi yakamtoka.

"Mnasemaje?" aliwauliza wafanyakazi wake.

"Tuseme nini tena, daktari? Huyu wetu."

"Nawe, dada?"

"Ubaya wenu wote nimeshauona," mwombaji alisema. "Nabaki."

Jioni ile mke wa daktari alilazwa hospitali kubwa, akatibiwa, akajifungua salama. Aliporudi na binti yake mikononi, mkunga mpya alikuwa bado yupo, benchi limejaa wajawazito.

"Ningeendelea kusimama wiki ile," alimwambia mumewe, "hospitalini wanasema tungepotea sote wawili, mimi na mtoto."

Daktari aliwatazama mkunga, mpokezi na msafishaji.

"Nyinyi wawili," alimwambia mkewe, "nimepewa na hawa."