Mikono ya Bibi Ercilia

"Mama yako akifumba macho, ile nakshi yenu ya kufuma itabaki mkononi mwa nani?"

Hivyo ndivyo Carmelina alivyomuuliza jirani yake Nohemí siku moja, wakichota maji bwawani. Nohemí alicheka tu. Akampakia punda madumu, akarudi zake nyumbani. Lakini lile swali halikumtoka.

Nyumbani mambo yalikuwa yale yale. Upepo, vumbi, na mbuzi mbali kule kwenye miiba. Mama yake, Bibi Ercilia, alikuwa amejilaza kwenye machela. Macho yalikwisha kupofuka, na kumbukumbu nayo ilikuwa ikiondoka kidogo kidogo. Nohemí alikaa kufuma mkoba wa maua kwa nyuzi nene, upesi upesi, kama alivyotaka mchuuzi wa mjini. Binti yake Yaneris alifuma vivyo hivyo.

Kwao msichana akivunja ungo hufungiwa ndani miezi mingi, bibi yake amfundishe kufuma. Yaneris alikaa ndani siku tatu tu. Nohemí mwenyewe ndiye aliyemtoa. Mchuuzi alikuwa akisubiri mikoba.

Jioni ile Nohemí alimsogelea mama yake.

"Mama, nakshi yetu ya gamba la kobe inaanzaje?"

"Muulize kobe."

"Usinitanie, mama."

Bibi alifungua kinywa aanze kueleza. Halafu akaanza kulia taratibu. Alikuwa hajui.

Asubuhi Nohemí alikwenda kwa Carmelina, ambaye hufundisha wasichana kufuma.

"Nimechelewa, mwenzangu. Amesahau."

"Ulimuuliza kwa maneno?"

"Ningemuulizaje tena?"

"Mdomo husahau kabla ya mikono," Carmelina alisema. "Mpe uzi. Uzi mmoja mwembamba, si hizo kamba zako za kufungia punda. Yaneris akae ubavuni, mikono yake juu ya mikono ya bibi. Akimaliza mstari, ahesabu, achore kwenye daftari la miraba. Na msimharakishe."

"Mimi ningeona haya. Vidole vyangu vinajua maua ya mchuuzi tu."

"Kaa nao hivyo hivyo. Haya haifumi mkoba."

Basi wakakaa watatu. Bibi alipopewa uzi, vidole vyake viliushika kana kwamba aliuweka chini jana tu. Yaneris alihesabu kwa sauti ndogo. "Nyeusi tatu. Nyekundu moja. Nyeusi tano." Alichora mraba baada ya mraba.

Hazikuwa siku nyepesi. Kuna siku bibi alifumua yote aliyofuma. Kuna siku alishika uzi tu, asifanye lolote. Mikoba ya maua ilipungua, na mchuuzi akahamia boma jingine. Nohemí alinung'unika, halafu akamwomba Mungu msamaha, akaendelea kukaa.

Siku ya mwisho bibi alifuma lile jicho dogo katikati ya gamba, ambalo nyumba nyingine hawaliweki. Yaneris aliwahi kulichora daftarini. Kisha bibi akashikwa na homa. Homa ilipoondoka, mikono ilikuwa imelala, na haikuamka tena.

Yaneris aliendelea peke yake na daftari. Alikosea, akafumua. Mara ya tano gamba lilikaa sawa. Jioni, baada ya masomo, wadogo zake wawili walianza kukaa karibu naye, kila mmoja na uzi wake.

Mkoba ulipokamilika, aliuweka mapajani mwa bibi. Kidole cha bibi kilitambaa juu yake polepole, kikafika kwenye jicho, kikasimama.

"Aliyefuma huu ni wa nyumba yetu," bibi alisema. "Hakuna mwingine anayelifunga jicho hivi."

Nohemí aliinamisha kichwa.

Bibi akageuza uso kule alikosikia pumzi ya Yaneris. "Na wewe, binti, ni mtoto wa nani?"

Yaneris alimtazama mama yake.

"Wa nyumba hii hii, bibi," alijibu.

Akamvisha bibi mkoba begani, akauweka sawa utepe wake, akatoka nje.