Matope Yasiyokauka

Matope yalipakwa Jumamosi mchana, na mpaka Jumatatu yalikuwa bado mabichi.

Baltazar aliyagusa kwa ncha ya kidole, akakiangalia kidole chake. Kilikuwa na maji. Alikuwa amechanganya mwenyewe udongo na gundi, akapaka kwenye minyororo ya kifaru kidogo cha plastiki, kifaru cha vita cha kuenea kwenye viganja viwili. Gundi ile hukauka kwa saa moja. Tena ulikuwa mwezi wa nane, Babati nzima vumbi, hata kuku wa Nangara walikuwa wamebadilika rangi. Lakini pale mezani matope yalimeremeta kama barabara ya shamba wakati wa masika.

Meza ilikuwa ya Allen, mwanawe. Allen alikuwa fundi simu sokoni, kijana wa miaka ishirini na mitatu, na mkono wake haukutetemeka. Akitoka kazini alijenga vifaru. Rafiki yake wa Arusha alimwagizia maboksi, na ndani ya kila boksi mlikuwa na vipande vidogo mia tatu vya kifaru na askari wake, vya kukata kwa wembe, kulainisha, kuunganisha na kupaka rangi kwa brashi nyembamba kama kijiti cha meno. Majirani walimcheka.

"Jenerali, vita vinaanza lini?" aliuliza Rama, dereva wa bajaji, kila alipopita.

"Tunasubiri mafuta," Allen alijibu.

Baba yake naye alicheka, kisha akaanza kuketi naye. Allen alimfundisha kutafuta mstari. "Hawa askari wanamiminwa kwenye kalibu ya vipande viwili, Baba. Pale vipande vinapokutana panabaki mstari, kuanzia nyuma ya sikio mpaka mguuni. Kila mmoja anao. Usipoukwangua, hata upake rangi nzuri namna gani, mtu ataangalia tu na kujua kwamba huyu si mtu."

Kifaru cha mwisho kilibaki kidogo kuisha. Askari watatu walishapakwa rangi. Wa nne alikuwa bado wa kijivu, mwili mzima. Wakati huo Allen alikuwa hawezi tena kuinuka kitandani, figo zimeshindwa.

"Matope utapaka wewe, Baba," alisema. "Mimi sijui matope. Wewe ndiye uliyeendesha trekta miaka thelathini."

Alifariki siku ya nne baada ya maneno hayo. Walimzika Sigino, kwenye shamba la babu yake.

Watu wa kwao wakizika, kila mmoja hurusha konzi ya udongo kaburini, na wakirudi hunawa mikono na miguu kabla ya kuingia ndani. Baltazar alifanya yote hayo. Lakini siku ya kuweka msalaba alibaki nyuma peke yake, akafunga konzi moja ya udongo wa kaburi kwenye leso, akaja nayo nyumbani. Hakuona ubaya. Aliuchekecha kwa chujio la chai. Aliona ni haki matope ya kifaru cha mwanawe yatoke pale alipolala mwanawe.

Jumanne ilianza harufu. Marietha, mkewe, ndiye aliyeisikia kwanza.

"Baba Allen, nani amechimba humu ndani?"

"Hakuna aliyechimba."

"Inanuka kama siku ile."

Hawakusema siku gani.

Alhamisi, saa nane mchana, Baltazar alikuwa peke yake sebuleni akisoma Biblia. Kwenye chumba cha Allen kilisikika kitu. Kri, kri, kri. Kikanyamaza. Kri, kri. Mlio wa mnyororo mdogo unaobeba uzito uliozidi kimo chake. Alipofungua mlango kimya kilikuwa kimeshatanda, lakini kifaru hakikuwa katikati ya meza tena. Kilikuwa ukingoni, kimeelekea ukuta wa chumba cha Noela, binti yake wa miaka tisa, na nyuma yake kwenye kitambaa palikuwa na njia mbili za matope mabichi. Askari wa nne alikuwa amepakwa viatu vyeusi na soksi nyeupe.

Baltazar alipiga magoti akamshukuru Mungu, huku analia.

"Ni Allen," alimnong'oneza mkewe aliporudi. "Anamalizia kazi yake."

Marietha alisogea mezani. "Baba Allen," alisema, "askari gani anavaa soksi nyeupe?"

Jioni hiyo Noela alirudi kutoka shule amebebwa mgongoni na mwenzake mkubwa. "Mama, sisikii miguu," alisema. Miguu yake ilikuwa baridi kama chupa iliyotoka kwenye friji. Zahanati walimpima malaria, hakuna. Walimpima damu, ipo. Wakampa vidonge vya vitamini.

Ijumaa askari wa nne alivaa sketi ya bluu, na Noela hakuweza kusimama. Jumamosi alivaa sweta, na Noela hakuweza kushika kijiko, akalishwa uji na mama yake huku macho ya mtoto yakirukia ukutani, upande wa chumba cha kaka yake. Marietha aliweka bakuli chini, akaenda kwenye ile meza, akachukua lenzi ya Allen, akainama juu ya kile kimtu kilichokuwa kirefu kama kidole gumba. Kwenye kiwiko cha sweta aliona kiraka. Aliona hata uzi wa kijani. Alikuwa amekishona mwenyewe kiraka hicho kwenye sweta la Noela, mwezi wa saba, na uzi wa kijani aliutumia kwa sababu wa bluu ulimwishia.

"Umebaki uso," alimwambia Baltazar aliyesimama nyuma yake.

Hapo ndipo sauti ilipotoka mezani, ndogo, ya upole, sauti ya Allen kabisa, na kile kikohozi chake kifupi mbele.

"Baba. Bado uso tu."

Baltazar alifungua mdomo. Alikuwa ameisubiri sauti hiyo miezi mitatu, kila alfajiri na kila jioni. Marietha alimziba kwa kiganja. "Usiitike," alinong'ona. "Nakuomba. Nimebaki na mmoja."

Jumapili baada ya misa Rama alimleta katekista Wilbroad kwa bajaji. Mzee yule alisimama mlangoni bila kuingia, akauliza udongo ule ulitoka wapi, na Baltazar akamwambia ukweli wote.

"Mwanangu," alisema Wilbroad, "tulipomzika Allen tulirusha udongo ndani. Uliona mtu anautoa? Udongo wa kaburi unaingia, hautoki. Ulipoutoa umeacha uwazi, na kilichopita kwenye uwazi huo si Allen. Allen tulimkabidhi kwa Mungu."

"Kwetu hilo ni jini," Rama alisema kwa sauti ya chini. Mzaha wake wote ulikuwa umekwisha. "Na jini halichezewi, mzee."

"Liite unavyotaka. Kila kitu kirudi Sigino leo, jua halijazama. Na likisema lolote, Baba Allen, lolote lile, usilijibu."

Wakaweka kwenye boksi kifaru, askari, brashi, na leso yenye udongo uliobaki. Baltazar alikiangalia kile kimtu kabla ya kufunga. Uso wake ulikuwa mtupu kama yai. Marietha alibaki na Noela, rozari mkononi.

Njia nzima boksi lilikuwa linatikisika juu ya mapaja ya Baltazar, aliyeketi na katekista ndani ya bajaji, na si kwa sababu ya mashimo. Walipofika kaburini Rama alikataa kushuka. Baltazar alichimba kwa jembe chini ya msalaba, kina cha mkono mzima, akafungua boksi ili arudishe udongo kwanza kama alivyoagizwa, na macho yake yakaangukia kwenye kile kimtu, na kimtu kile kilikuwa na uso, uso wa Noela, macho ya Noela yaliyofumbuliwa sana, na pengo la jino lililong'oka wiki mbili zilizopita, na pengo lile likafunguka, na sauti ya binti yake ikasema, huku inalia, "Baba, ni mimi. Baba, niko huku. Usinifukie."

Jembe lilimtoka.

"Linadanganya," alisema Wilbroad, akiinua msalaba wake. "Jana lilikuwa Allen, leo ni Noela. Fukia."

"Mzee, huo ni uso wake."

"Fukia, mwanangu!"

Simu ya Baltazar ikaita. Alikuwa Marietha, akipiga kelele za furaha mpaka Rama akasikia kutoka kwenye bajaji. "Baba Allen! Amesimama! Noela amesimama, anatembea, ameomba chai! Bwana asifiwe!"

"Unaona," alisema Wilbroad, akafuta jasho.

Basi Baltazar akafukia. Alimwaga udongo juu ya kifaru, juu ya askari, juu ya ile sauti iliyokuwa inaita Baba, Baba, mpaka ikawa kama ya mdudu, kisha ikawa haipo, naye akashindilia kwa miguu yote miwili, wakasali Baba Yetu, wakanawa mikono na miguu, wakarudi.

Noela alikuwa mlangoni akiwasubiri, na miguu yake ilikuwa na joto. Usiku huo Baltazar alilala kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Wiki tatu zilipita. Meza ya Allen walimpa jirani. Noela alikula, alienda shule, alisalimia wakubwa shikamoo bila kukumbushwa. Marietha alisema mtoto ametulia kweli, siku hizi halii hata akianguka. Ile harufu ya udongo iliondoka. Ilibaki nyingine hafifu, kama ya rangi, na walidhani ni ya ukuta.

Jumamosi moja asubuhi Marietha alimkalisha Noela uani kwenye mkeka, akamnyoa nywele kwa ajili ya shule. Alipomaliza aliingia jikoni kuchukua maji. Baltazar, aliyekuwa anapembua maharage kando, aliinua macho.

Nyuma ya sikio la Noela palikuwa na mstari.

Ulikuwa mwembamba kama uzi, umeinuka kidogo, umenyooka kuliko kitu chochote kilichoumbwa na Mungu. Ulishuka shingoni, ukapita begani, ukaingia ndani ya gauni. Aliangalia sikio la pili. Ulikuwepo pia, mahali pale pale. Alikumbuka udongo aliokuwa ameushindilia Sigino kwa miguu yake mwenyewe, na sauti iliyokuwa chini yake. Alinyoosha mkono, akaweka ukucha juu ya ule mstari.

Mtoto hakugeuka.

"Usikwangue, Baba," alisema taratibu. "Nimeshakauka."