Jina Lililobaki Kwenye Jiwe la Kusagia

Haya yalimkuta rafiki yangu Zipora, na mpaka leo akinisimulia hulia. Mama yake alifariki siku ya kumzaa, kwenye tembe, nyumba ya udongo ya paa bapa, lililokuwa Nzuguni kabla viwanja havijapimwa. Bibi yake alimwambia kwamba mama alikuwa akisaga mtama huku akimwimbia mtoto wa tumboni, akimtaja kwa jina alilomchagulia. Jina hilo hakuna aliyelikumbuka.

Zipora amejenga palepale. Mchana mmoja umeme ukiwa umekatika, alikwenda stoo kuchukua mkaa. Stoo yenyewe haina dirisha. Nyuma ya mlango akasikia jiwe likisaga juu ya jiwe, polepole, na mwanamke akiimba kwa Kigogo, "Lala mwanangu, lala..."

Kwetu mtoto hulelewa asifungue mlango wa mahali penye mtu bila kupiga hodi. Neno likamtoka: "Hodi."

Jiwe likanyamaza.

"Ningesubiri kidogo tu," huniambia, "ningejua naitwa nani."

Alifungua mlango akamulika kwa simu. Juu ya vigae palikuwa na unga wa mtama, bado una joto, na ndani yake alama za magoti mawili, yamegeukia mlangoni.