Swichi Iliyorukwa

"Sindano, faili limefika asilimia sitini na nane."

Sauti ya Shangazi ilipenya kwenye kifaa cha sikioni. Sindano aliongeza mwendo. Alilalia tangi la pikipiki yake ya Yamaha, akapita katikati ya malori mawili, akafunga breki mbele ya hoteli.

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu. Alikuwa mkuu wa operesheni.

Faili lilikuwa na sura na majina halisi ya majasusi waliopandikizwa kwa walanguzi wa silaha. Mmoja wao, dereva, muda huu alikuwa barabarani na lori la bunduki, walanguzi wawili wakiwa kando yake. Simu yake imezimwa.

Dereva huyo alikuwa kaka yake Sindano. Baba mmoja, mama mmoja.

Aliyeiba faili aliitwa Miwani. Alikuwa akilisambaza vipande vipande kwa programu ya kugawana mafaili, kompyuta kwa kompyuta, bila seva ya katikati ambayo mtu angeweza kuizima. Kipande cha mwisho kikifika, walanguzi waliolinunua wangelifungua na kumtambua dereva. Kikikosekana kimoja tu, wangebaki na takataka.

"Anwani yake?"

"Ameificha. Kila swichi ya programu inayoweza kumfichua ameizima. Amefuata maelezo yako neno kwa neno, mwanangu."

Sindano alitabasamu kidogo. Alikuwa amejipenyeza kwa watengenezaji wa programu ile akafanya kazi ambayo wote waliikimbia: kueleza kila swichi inafanya nini. Aliandika Kiswahili kilichonyooka, bila uongo hata chembe. Walanguzi wakayapenda maelezo yake.

Swichi moja tu aliiruka. Hiyo huwa imewashwa tangu mwanzo. Kazi yake ni kuzitangazia kompyuta zote za mtandao uleule: nipo hapa, nina faili hili.

Mpelelezi aliyemfuata Miwani asubuhi alimpoteza kwenye mlango wa hoteli hii. Kila ghorofa ilikuwa na mtandao wake.

Ghorofa ya pili. Simu yake ya Samsung, iliyounganishwa na mtandao wa ghorofa, ilikuwa kimya.

Ya tatu. Kimya.

"Themanini na tano," Shangazi akasema. "Panda ngazi, usinipandishe presha."

Ya nne.

Simu ikatetemeka. Kompyuta moja ilikuwa ikijinadi kama muuza mitumba.

Lakini mlango upi? Ruta, kisanduku cha kugawa mtandao, ilining'inia ukutani koridoni. Sindano akachomoa waya, asikie nani atalalamika.

Mlango ukafunguliwa. Mama mwenye taulo kichwani akachungulia.

"Binti, ni wewe umenikatia mtandao? Tamthilia imefika pale mume anarudi!"

"Samahani, mama. Rudi ndani, ufunge."

"Nifunge nini? Kwanza nita..." Akaiona bastola ya Glock mkononi mwa Sindano. Akafunga bila kuaga.

Nyuma ya mlango wa pili, mwanamume alitukana. Droo ikavutwa kwa nguvu.

"Ilisimama tisini na moja," Shangazi akasema. "Sasa imeanza tena. Ana modemu yake ya intaneti!"

Sindano akapiga teke. Kitasa kikagoma.

"Tisini na sita."

Akapiga risasi kwenye kitasa, akaingia kwa bega.

Miwani alikuwa dirishani, bastola mkononi. Alifyatua kwanza. Risasi ikachana kola ya jaketi. Sindano hakumlenga yeye. Alilenga modemu, kidude kidogo kama kiberiti.

Ikapasuka.

Kisha akamrushia birika la maji ya moto lililokuwa mezani. Miwani akapiga ukelele, bastola ikaanguka, na kabla hajaiokota goti la Sindano lilikuwa limetua mgongoni mwake.

"Shangazi?"

Sindano akamkandamiza Miwani sakafuni.

"Tisini na tisa. Limeganda." Pumzi ndefu ikasikika. "Wana takataka. Kaka yako anaendelea na safari."

Sindano alifumba macho kidogo. Akafunga pingu.

"Haiwezekani," Miwani alinung'unika, shavu kwenye zulia. "Nilisoma maelezo yote."

"Ulisoma niliyoandika."

Polisi walipomchukua, Sindano aliketi juu ya pikipiki yake, akafungua simu, akaanza kuandika.

"Unafanya nini?" Shangazi akauliza.

"Naeleza swichi iliyobaki."

"Huo mtego wetu, mwanangu!"

"Umeshanasa. Wapo wanaoitumia programu hii kwa mema, nao wanastahili kujua."

Aliandika: *Swichi hii huwa imewashwa. Usipoizima, jirani atajua kuwa upo.*

Akasoma tena. Akafuta "kuwa", akatuma, akavaa kofia ngumu na kuwasha injini.